Bendi ipo, nyimbo ni zangu: kutengeneza albamu ya solo kwa mfano wa The Eraser

«Habari. Naimba katika bendi ya roki hapa Nairobi. Tuko wanne na huu ni mwaka wetu wa sita. Tangu mwaka jana nimekuwa nikitengeneza biti za haraka usiku kwenye laptopu, na sasa nina vipande kumi na viwili ambavyo haviingii kwenye bendi. Nataka viwe albamu yangu, kama Thom Yorke wa Radiohead alivyofanya na The Eraser. Mpiga gitaa wetu amenuna, anasema albamu ya solo ni barua ya talaka. Tena nyimbo tatu zina vipande vya mazoezi yetu nilivyorekodi kwa simu, na kimoja ni kodi (noti zinazopigwa pamoja) za kinanda alizopiga yeye. Rafiki yangu prodyuza anasema sauti yangu ni ndogo, niizamishe kwenye mwangwi. Mimi mwenyewe nikisikiliza, kufika dakika ya pili nimeshachoka na wimbo wangu. Na nimesoma kwamba hata hiyo ya Yorke wengine waliiona baridi. Niendelee au niache?»

Endelea, dada yangu. Lakini kabla ya kuongeza kipande cha kumi na tatu, kuna mambo ya kunyoosha, na moja lina haraka kuliko mengine: zile kodi za kinanda. Nitalifikia. Kwanza tuiangalie hiyo albamu unayoitolea mfano, maana inaelekea umeipokea pamoja na hadithi isiyo yake: ya mwimbaji aliyejifungia na kompyuta, akawaacha wenzake, akafanya kila kitu peke yake. Haikuwa hivyo.

The Eraser ilitoka Julai 2006 kupitia XL Recordings. Radiohead, bendi ya Uingereza anayoiimbia Yorke, ilikuwa imepumzika baada ya albamu yao Hail to the Thief ya 2003 na ziara zake. Yorke alipoitangaza albamu aliandika kwamba wenzake wameibariki, na kwamba neno «solo» hataki hata kulisikia. Oktoba 2007, miezi kumi na mitano baadaye, bendi hiyohiyo ikatoa albamu ya In Rainbows. Miaka iliyofuata mpiga dramu Philip Selway akatoa albamu yake, na mpiga gitaa Ed O'Brien naye akatoa yake. Ikiwa ile ilikuwa barua ya talaka, basi ni ndoa iliyopokea barua nyingi na bado ikaendelea kulala nyumba moja.

Mpiga gitaa wenu hata hivyo hajazua tu. Mfano wa upande wake upo: Soundgarden, bendi ya roki ya Marekani, walivunjika 1997, na mwaka 1999 mwimbaji wao Chris Cornell akatoa albamu yake, Euphoria Morning. Ila tazama mpangilio wa matukio. Bendi ilivunjika kwanza, albamu ikaja baadaye. Kinachovunja bendi mara nyingi ni ratiba, pesa na mambo ya kufichana, na albamu huja kubebeshwa lawama. Kwa hiyo mwambie mwenzako tarehe: miezi gani utakuwa na kazi yako, na siku gani unarudi mazoezini. Mtu akiwa na tarehe mkononi hupunguza kununa. Na mpe sababu ya kweli, ileile uliyoniandikia: vipande hivi haviingii kwenye bendi. Yorke alikuwa na wimbo wa namna hiyo. «Harrowdown Hill» ulikuwepo tangu enzi za Hail to the Thief, na kwa maelezo yake mwenyewe usingewezekana na bendi.

Kosa la pili katika hadithi ile ni hilo neno «peke yake». Kwenye maelezo ya albamu, kazi ya prodyuza na upangaji wa nyimbo imeandikwa jina la Nigel Godrich, mtu aliyekuwa na Radiohead tangu miaka ya tisini. Jalada ni la Stanley Donwood, mchoraji wa bendi: mchongo mrefu wa lino unaoonyesha London ikimezwa na maji, na mtu amesimama akiyakataza kwa mkono, kama mfalme Canute wa hadithi za Waingereza. Hata wanabendi wamo. Kodi za kinanda katika wimbo unaobeba jina la albamu alizipiga Jonny Greenwood. Yorke alizinasa kwa kirekodi kidogo cha mkononi, akazikata, akazipanga upya. «Black Swan» imejengwa juu ya mdundo ambao Selway na O'Brien waliurekodi mwaka 2000. Ndani ya «And It Rained All Night» kuna kipande cha wimbo wa Radiohead, «The Gloaming», kilichosagwa hadi hakitambuliki. Hata Cornell, aliyekuwa hana bendi tena, alifanya yake na Alain Johannes na Natasha Shneider wa kundi la Eleven, katika studio ya nyumbani kwao Los Angeles.

Kwa hiyo wewe kutumia vipande vya mazoezi si wizi wa ajabu wala si dalili kwamba huwezi kusimama. Ni njia iliyotembewa. Tofauti iko kwenye ruhusa.

Wimbo uliorekodiwa una haki zaidi ya moja ndani yake. Kuna utunzi, yaani melodia, kodi na maneno. Kuna rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa. Na kuna haki ya mpigaji juu ya upigaji wake. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, mwenye rekodi kwa kawaida ni yule aliyeandaa na kusimamia kurekodi, hivyo unaweza kudhani kuwa simu ni yako basi kila kitu ni chako. Hapana. Kodi alizozibuni mpiga gitaa zinaweza kuwa utunzi wake, na upigaji ni wa mikono yake. Kodi mbili za kawaida ambazo kila mtu anazo hazitakupeleka mbali mahakamani, lakini mfuatano wa kodi nane wenye melodia juu yake, ambao ndio uti wa mgongo wa wimbo wako, ni suala jingine kabisa.

Fanya hivi wiki hii, kabla hujamiksi chochote. Mwite, mkae, msikilizishe wimbo wote na si kipande chake tu. Halafu andikeni karatasi moja kwa kila wimbo: jina la wimbo, tarehe, nani alitunga nini, asilimia za utunzi zikijumlishwa ziwe 100, na sentensi moja inayosema anakuruhusu kutumia upigaji wake katika rekodi hii na kuitoa. Wekeni sahihi wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Asilimia ni za kuelewana. Ikiwa kinanda chake ndicho wimbo umekalia, asilimia 25 hadi 50 ya utunzi ni mazungumzo ya haki. Ikiwa ni mkwaruzo wa sekunde mbili uliougeuza kelele ya nyuma, labda malipo ya mara moja na jina lake kwenye maelezo vinatosha. Usimwahidi «tutaona pesa zikija». Pesa zikija ndipo kumbukumbu za watu huanza kutofautiana.

Kazi inalindwa tangu inapotungwa na kurekodiwa. Kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hakuundi haki mpya, ila kunakupa ushahidi wenye tarehe. Kwa msomaji aliye Tanzania, wa kuulizwa ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya huko. Ikiwa bendi yenu imewahi kusaini mkataba na lebo au meneja, peleka mkataba huo kwa wakili wa hakimiliki ausome kabla ya kutoa hata singo moja. Mikataba mingine humfunga mwimbaji mmojammoja, si bendi tu, na hilo halisuluhishwi kwa ushauri wa kusoma kwenye skrini kama huu wangu.

Sasa tuje kwenye kuchoka. Hapa ndipo ulipo ugonjwa wenyewe wa nyimbo zako, na nitakaa hapa kidogo.

Chukua lupu, yaani kipande kinachojirudia, ya mapigo 16 kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika. Inachukua sekunde kumi kamili. Wimbo wa dakika tatu ni lupu hiyo mara 18. Sikio la binadamu limeumbwa kufuatilia mabadiliko. Kitu kikijirudia bila kubadilika, linakiweka pamoja na sauti ya friji, na baada ya mizunguko kadhaa halikisikii tena. Kwenye bendi jambo hili halitokei, kwa sababu mpiga dramu wako hajawahi kupiga mizunguko miwili inayofanana maishani mwake. Anapokaribia kibwagizo mkono unakaza. Hai-hati, yale matoazi mawili ya mguu, inafunguka kidogo. Sneya, ile ngoma ndogo ya mbele yake, inachelewa kwa sehemu chache za elfu moja za sekunde wimbo unapotulia. Mpiga besi anamsikia, anamfuata. Nyinyi mnaita hiyo «fili», na haimgharimu mtu hata wazo moja. Ukiondoa bendi, kazi hiyo yote inakosa mwenyewe. Watu wengi hujaribu kuijaza kwa kuongeza tabaka: sinthi (kinanda cha umeme) nyingine, shekeri nyingine, kwaya ya bandia. Wimbo unanenepa na uchovu unabaki palepale, kwa sababu tabaka lililoongezwa nalo linajirudia.

Anza kwa kupunguza. Fungua wimbo wako mmoja, tafuta mahali kibwagizo kinapoingia, na uzime dramu ya mguu mapigo manne kabla yake. Usiongeze chochote. Utashangaa kibwagizo kilivyopata uzito, na hujaongeza sauti hata desibeli moja. Kisha angalia ubeti wa pili: je, una kila kitu ubeti wa kwanza uliokuwa nacho? Ondoa kimoja, ukirudishe katikati.

Baada ya hapo vunja urefu wa lupu zako. Ikiwa dramu zina mapigo 16, fanya kinanda kiwe na mapigo 12. Kwa mwendo uleule vitakutana tena mwanzo kila baada ya mapigo 48, yaani kila sekunde thelathini, na katikati hapo uhusiano wao unabadilika muda wote bila wewe kuandika noti mpya. Mtego wake ni kwamba kodi zinaweza kugongana na melodia yako mahali ambapo hukutarajia. Sikiliza mzunguko wote wa sekunde thelathini, na pale panapouma kata kodi hiyo moja tu.

La tatu ndilo linalofanya kazi zaidi, na ndilo watu wanalolikwepa kwa uvivu: chombo kimoja katika kila wimbo kipigwe kwa mkono kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, bila kukatwa. Iwe kayamba, iwe gitaa la besi, iwe kupiga meza kwa vidole. Dakika tatu na nusu, mpigo mmoja mrefu. Usiunyooshe kwa kompyuta. Mkono wako utachoka kidogo kuelekea mwisho, utaharakisha kidogo kibwagizoni, na hayo ndiyo sikio linayotafuta.

Vipande vya simu vina matatizo yao. Simu hujipandishia na kujishushia sauti yenyewe, hivyo kodi ya kwanza inakuwa kubwa na zinazofuata zinapumua kama mtu mwenye pumu. Besi hamna. Na mwendo wa mazoezi hautulii: mnaanza 94, mnamaliza 99. Usijaribu kunyoosha kipande kizima ili kifuate lupu, maana programu ikivuta sana inaacha sauti ya bati. Kata kila kodi peke yake, iweke juu ya pigo lake, na kila mkato upe mfifio wa milisekunde 5 hadi 10 mwanzo na mwisho, la sivyo utasikia «tik» kila mahali. Ondoa kila kitu chini ya Hz 120 kwa ikwalaiza (kirekebisha sauti nzito na nyembamba), maana huko hakuna muziki, kuna mikono iliyoshika simu na lori lililopita nje. Kisha besi ya kweli iandikwe upya chini yake. Kelele ya chumba iliyobaki usiipige vita sana. Ikiwa ndogo, inaupa wimbo mahali pa kuishi.

Ushauri wa rafiki yako kuhusu mwangwi siukubali, na sababu yake ni ya kifizikia. Sikio hupima umbali wa mtu kwa kulinganisha sauti inayotoka kinywani mwake na ile iliyogonga kuta kwanza. Ukiongeza mwangwi unamwambia msikilizaji kwamba mwimbaji yuko mbali. Sauti kubwa ikiwekwa mbali inabaki kubwa, kama ya muadhini. Sauti ndogo ikiwekwa mbali inapotea. Dawa yake ni kuisogeza karibu, kavu, mbele ya kila kitu. Godrich alimfanyia Yorke jambo hilohilo. Yorke alikuwa na mazoea ya kuifunika sauti yake kwa vifaa, na prodyuza akamhimiza aiache kavu na iwe juu. Ndiyo maana albamu ile, pamoja na mashine zake zote, unaisikia kama mtu anayekunong'oneza kwenye basi.

Ila sauti kavu haina pa kujificha, kwa hiyo kurekodi kuwe safi. Simama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, na kichujio cha pumzi kati yenu. Blanketi nzito zining'inie nyuma yako wewe, si nyuma ya maikrofoni, kwa kuwa maikrofoni za kawaida za kuimbia husikia mbele, na kilicho mbele yake ni wewe na ukuta ulio nyuma yako. Rekodi kwa ubora wa biti 24 (hizi ni biti za kompyuta, si za muziki), kilele cha sauti kikicheza kati ya desibeli -12 na -6. Usikaribie sifuri, hakuna zawadi huko. Zima feni. Nyumba ya mabati usirekodi mvua ikinyesha, hata kama ni manyunyu. Hedifoni ziwe za kufunika sikio, na usizipandishe sana, la sivyo biti itavuja na kuingia kwenye rekodi, na ukija kubadilisha biti baadaye utaisikia ile ya zamani kama mzimu.

Imba mara tatu hadi tano kwa ukamilifu, halafu chagua mistari bora kutoka kila mzunguko. Zaidi ya mara tano koo linaanza kujibu vibaya na wewe unaanza kuigiza. Kompresa, kifaa kinachobana sauti inapopanda, iwe na uwiano wa 3 kwa 1, ikipunguza desibeli 3 hadi 6 pale unapokaza. Kisha, badala ya kuipandisha sauti, teremsha vingine: kwenye kinanda na sinthi punguza desibeli 2 au 3 kati ya kHz 2 na kHz 4, kwa kuwa huko ndiko konsonanti zako zinakoishi. Kibwagizoni unaweza kuimba mara ya pili juu yake na kuiweka chini kwa desibeli kama 10, isikike kama kivuli. Mwangwi mfupi kidogo, wa chini ya sekunde moja, haukatazwi. Kipimo changu ni hiki: ukiuzima na hukosi kitu, ulikuwa mwingi wa bure. Ukiuwasha na unausikia, ulikuwa mwingi wa kupita kiasi.

Hayo ni ya sauti ndogo. Sauti iliyokauka au yenye mikwaruzo kwa zaidi ya wiki mbili hadi tatu ni mambo ya daktari wa masikio, pua na koo. Usiendelee kurekodi juu yake.

Utanipinga kwamba unajua watu waliofanikiwa na mwangwi mwingi. Wapo, tena wazuri. Lakini nyimbo zao hujengwa kwa ajili hiyo: mwendo wa taratibu, maneno machache, nafasi kubwa kati ya mistari. Wewe, kwa maelezo yako, una biti za haraka, na mwangwi mrefu juu ya biti ya haraka unageuka uji.

Kuhusu kupokelewa. «Baridi» lilikuwa kweli mojawapo ya malalamiko. Wakosoaji waliosifu walisifu uimbaji na maneno. Waliosita walikosa kile ambacho bendi inaleta, yaani uzito na mshangao wa watu watano kugongana chumba kimoja. Lakini usiichukue nusu ya habari. Albamu ilifika nafasi ya 3 Uingereza na ya 2 Marekani. Iliteuliwa kwa tuzo ya Mercury mwaka uleule, ikashindwa na Arctic Monkeys, na kwa Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala, ambayo ilikwenda kwa Gnarls Barkley. Nyimbo zake mbili ziliingia kwenye filamu. Yorke pia aliziachia kwa watengenezaji wengine wakaziunda upya, kina Four Tet na Burial.

Sehemu inayokuhusu zaidi ilikuja mwaka 2009, alipotaka kuzipiga jukwaani. Alikusanya watu: Flea wa Red Hot Chili Peppers kwenye besi, Joey Waronker kwenye dramu, Mauro Refosco, Mbrazili, kwenye ala za kugonga, na Godrich mwenyewe kwenye kinanda na gitaa. Wakachukua mistari ya kompyuta na kuipiga kwa mikono. Kundi likachukua jina la wimbo wa albamu ileile, Atoms for Peace, na mwaka 2013 likatoa albamu yake, Amok. Nyimbo zilizoitwa baridi zikachezewa dansi. Kwa hiyo malalamiko ya 2006 yalikuwa na ukweli kuhusu rekodi, lakini hayakuwa hukumu juu ya nyimbo. Ya Cornell nayo ilizunguka: ilifika nafasi ya 18 Marekani mwaka 1999, pungufu ya yale Soundgarden walikuwa wamezoea, na 2015 ikarudishwa sokoni na tahajia aliyoitaka yeye tangu mwanzo, Euphoria Mourning. Neno la asubuhi likageuka la maombolezo kwa herufi moja.

Fikiria jukwaa mapema, basi, kuliko Yorke alivyofikiria. Katika kila wimbo, hifadhi dramu, besi, kinanda na sauti kama mafaili tofauti ya WAV yanayoanza sekunde ileile, ili siku bendi yenu ikitaka kuupiga isianze kuukisia. Na kusema kweli, nisingeshangaa kimoja katika vile kumi na viwili kikarudi kwenye bendi. Kiache kirudi.

Idadi yenyewe, ipunguze. The Eraser ina nyimbo tisa, dakika kama arobaini na moja. Nyimbo zilizotengenezwa na mtu mmoja kwenye mashine moja zina undugu mkubwa mno wa sauti. Kumi na mbili mfululizo zitafanana hata kama moja moja ni nzuri. Zipange tisa, sikiliza ukiwa unapika, si umekaa mbele ya skrini, na uandike ni wapi mkono wako ulikwenda kuruka wimbo.

Kuna jambo hukuuliza, lakini nalisema kwa kuwa «Harrowdown Hill» imetajwa. Kile kilima kipo Oxfordshire, na ndiko ulikopatikana mwili wa Dk. David Kelly, mkaguzi wa silaha, Julai 2003, katikati ya sakata la vita vya Iraq. Wimbo unahusu kifo hicho, na Yorke mwenyewe alikiri kusita juu yake, kwa ajili ya familia iliyokuwa ikiomboleza. Kama miongoni mwa nyimbo zako kuna unaomhusu mtu halisi, hata jirani, uusome kama mama yake angeusoma, ndipo uamue.

Limebaki suala la nani amalizie. Una njia tatu. Kumaliza mwenyewe ni bure, na hatari yake ni kwamba umeshazisikia mara mia nne na masikio yako hayasikii tena kasoro. Kumpa rafiki yako prodyuza ni rahisi, lakini kwa vile anaanza na mwangwi mnaweza kuvutana kila siku. Ya tatu, ninayoipendelea, ni kutengeneza na kurekodi mwenyewe, kisha kumlipa mtu asiyezijua nyimbo hizi azimiksi, ukimpa wimbo mmoja kwanza kama jaribio na kumwambia sharti moja tu: sauti iwe kavu na mbele. Akiurudisha umejaa mwangwi, tafuta mwingine kabla ya kulipia nane zilizobaki. Kumasta, yaani marekebisho ya mwisho ya sauti ya albamu nzima, kufanywe na mtu mwingine tena, kwenye chumba kilichotulizwa mwangwi, uende ukae naye hata kwa saa moja. Besi ya chumba chako cha kulala inakudanganya, na hilo haligunduliki kwa hedifoni. Mpelekee miksi zenye nafasi, kilele kisizidi desibeli -3, bila limita (kifaa kinachozuia sauti isivuke kiwango) juu ya wimbo mzima. Spotify husawazisha sauti kwenye kiwango cha karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), hivyo wimbo uliokandamizwa uwe na kelele kuliko wengine utateremshwa tu, ubaki umebanwa bila faida.

Mwezi huu, basi: karatasi tatu za ruhusa zisainiwe, nyimbo tatu zikatwe, na katika tisa zilizobaki uchague moja, uzime ile dramu ya mguu mapigo manne kabla ya kibwagizo, uimbe kavu, kisha mpelekee mpiga gitaa asikilize. Uwe ule wenye kodi zake.